Dodoso, kanzidata, mfumo kamili au akili unde: kompyuta ipi ikusaidie kuchagua kazi?

Aliyekwama kuchagua kazi siku hizi haanzi kwa mtu, anaanza kwa simu. Anaandika "kazi gani inanifaa", na majibu yanammwagikia: dodoso la maswali 60, orodha ya kazi mamia kwa mamia, mfumo unaoahidi kumshika mkono tangu kujitambua hadi kujaza fomu, na programu ya akili unde (AI) iliyo tayari kumjibu hata saa nane usiku. Vyote hujiita mwongozo wa taaluma. Kumbe kila kimoja kimeundwa kwa swali lake, na wengi wanaosema "haikunisaidia kitu" walikipa kifaa kizuri swali lisilo lake.

Nimeona watu wakijaza madodoso matano mfululizo ilhali shida yao haikuwa kujijua. Walijijua vizuri tu. Walichokosa ni kufahamu ile kazi wanayoiota inafanywaje Jumatatu asubuhi. Wengine wamekesha wakisoma maelezo ya kazi kumi na tano, wakalala wamechanganyikiwa kuliko walivyoamka, kwa kuwa hawakuwa wameamua ni kitu gani wako tayari kukikosa.

Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, Marekani. Kwake kuchagua kazi kulikuwa na sehemu tatu: kujijua, kuzijua kazi, na kufikiri sawasawa juu ya namna hayo mawili yanavyokutana. Kompyuta hazikuwapo, lakini mgawanyo huo bado unafaa kupimia programu za leo. Dodoso hushughulika na sehemu ya kwanza. Kanzidata, yaani hazina ya taarifa za kazi, hushughulika na ya pili. Mfumo kamili hujaribu zote tatu. Akili unde huongea kana kwamba inafanya zote, na hiyo "kana kwamba" nitairudia.

Tunapima kwa lipi

Vigezo ni vitano, na kila kifaa kitapita humo humo.

Kwanza, kinakuuliza nini, maana mashine haina cha kusaga ila ulichoitilia. Pili, majibu yake yanatoka wapi: nani alikusanya taarifa, lini, na kwa nchi gani. Tatu, kinajieleza? Ukiuliza "kwa nini ufamasia na si ualimu", unapewa sababu unayoweza kuikagua mwenyewe? Nne, kinakudai nini: muda, pesa, lugha, taarifa zako za siri. Tano, kinamfaa nani na hakimfai nani.

"Usahihi" nimeuacha nje makusudi. Hakuna kifaa kinachojua kama kazi utakayoanza mwakani utaipenda miaka kumi ijayo, na kinachodai kujua kingetakiwa kukutia shaka. Unachoweza kukikagua leo ni njia iliyotumika kufikia jibu.

1. Dodoso la vipendeleo

*Kinakuuliza nini.* Tuchukue mojawapo ya yanayotumika sana, Interest Profiler ya O*NET (kanzidata ya kazi ya Marekani), iliyotengenezwa na Wizara ya Kazi ya Marekani na kutolewa bure. Toleo lake fupi lina shughuli 60. La kwanza: kutengeneza makabati ya jikoni. Linalofuata: kujenga kwa matofali au kubandika vigae. Mbele kidogo unakuta kubuni dawa mpya, kuchunguza namna ya kupunguza uchafuzi wa maji, kuandika vitabu au tamthilia. Kila shughuli ina ngazi tano, kuanzia usiyoipenda kabisa hadi unayoipenda sana. Sharti ni moja: usiwaze mshahara wala kama umesomea.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Kijana mmoja niliyekaa naye alisimama pale pale kwenye makabati. "Nikiyatengeneza kwa ajili ya nyumba yangu, au nikiyatengeneza kila siku kwa watu?" Nikamwambia jibu la haraka ndilo linalotakiwa. Akabonyeza katikati. Vigae, katikati. Dawa, katikati. Mwisho mchoro wa matokeo yake ulitoka na vijiti sita, kimoja kwa kila aina ya vipendeleo, vinavyokaribia kulingana urefu, naye akaniangalia kama mtu aliyepimwa uzito na mizani ikagoma.

*Majibu yanatoka wapi.* Msingi ni nadharia ya John Holland, aliyeanza kuichapisha mwaka 1959. Aligawa watu na mazingira ya kazi katika aina sita: vitendo, uchunguzi, usanii, jamii, ushawishi na utaratibu. Dodoso hili lina shughuli kumi kwa kila aina, na kila jibu lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo kila aina inaweza kupata 0 hadi 40. Hesabu yote ni hiyo, kujumlisha. Kisha alama zako zinalinganishwa na kazi ambazo wataalamu walishaziwekea aina zake.

Ukijua hesabu ilivyo ndogo, hutaogopa wala kusujudia matokeo. Umepata jamii 31 na usanii 29? Tofauti ya alama mbili ni vibonyezo viwili tu: maswali mawili uliyoyapandisha ngazi moja kwa sababu asubuhi hiyo ulikuwa umeamka vizuri. Jamii 31 na vitendo 9 ni habari nyingine. Pengo hilo halitokani na usingizi.

*Kinajieleza?* Vizuri kuliko vyote vinne, maana hesabu iko wazi. Lakini kinachoelezwa ni kile ulichokisema mwenyewe kikipangwa upya. Mtu ambaye hajawahi kukaribia maabara ataandika "sipendi" kwenye maswali ya maabara, na dodoso litaamini. Hata waundaji wamewahi kuingiza dhana zao ndani ya maswali: dodoso maarufu la Strong, lililoanza 1927, liliendelea kuwa na fomu tofauti za wanaume na wanawake hadi 1974. Mwanamke na mwanaume wenye majibu yanayofanana wangeweza kuelekezwa kwingine kabisa.

*Kinakudai nini.* Robo saa, na utulivu. Mengi ni bure, ila jihadhari na yale yanayokufanya ujaze kila kitu kisha yanaficha matokeo hadi utoe barua pepe au ulipie ripoti. Lugha ni gharama nyingine: swali usilolielewa vizuri utalijibu "sipendi", na hakuna atakayelisahihisha.

*Kinamfaa nani.* Anayesema "sijui hata pa kuanzia" na ambaye ameshaonja mambo kadhaa maishani. Kwa mwenye mchoro tambarare kama yule kijana, dodoso limefika mwisho wa uwezo wake. Inawezekana hajaonja vya kutosha, inawezekana ni mtu wa tahadhari, inawezekana kweli anapenda mengi. Mashine haiwezi kutofautisha hayo matatu. Na tusisahau lililo dhahiri: kupenda si kuweza. Dodoso la vipendeleo halipimi uwezo, ingawa watu huondoka nalo wakidhani wamepewa cheti.

2. Kanzidata ya kazi

*Kinakuuliza nini.* Hakikuulizi chochote. Wewe ndiye unayeuliza. Unaandika jina la kazi, unapata majukumu yake, ujuzi unaotakiwa, elimu, mazingira, zana. Au unaweka masharti, na chujio linakubakizia kazi chache.

Hapo kwenye chujio tusimame kidogo. Tuseme umeweka masharti manne: elimu isiyozidi stashahada, kazi ya ndani ya jengo, isiyo ya zamu za usiku, inayohusu kusaidia watu. Orodha inashuka kutoka mamia hadi kazi nane. Unafurahi, umepunguza mzigo. Usichokiona ni zile kazi thelathini zilizoanguka kwa kukosa sharti moja tu, labda lile la zamu uliloliweka bila kulifikiria sana. Chujio halisemi "legeza hapa kidogo". Zinatoweka kimya. Baadhi ya mifumo ina njia ya kuuliza kwa nini kazi fulani haimo kwenye orodha. Ukiikuta, itumie kuliko vitufe vingine vyote. Usipoikuta, ondoa sharti moja moja na uangalie nini kinarudi.

*Majibu yanatoka wapi.* Hapa ndipo kanzidata nzuri inapozishinda tovuti za kubahatisha. O*NET ilianza kutumika mwaka 1998 ikichukua nafasi ya kamusi ya kazi ya serikali ya Marekani iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1939. Ina kazi zaidi ya 900, na taarifa zake nyingi hutokana na madodoso yanayojazwa na watu wanaozifanya kazi hizo, pamoja na wataalamu wa fani. Umoja wa Ulaya una ESCO, yenye kazi takriban 3,000 na ujuzi zaidi ya 13,000, katika lugha za nchi wanachama. Nyuma yake kuna mpangilio wa Shirika la Kazi Duniani, ISCO-08, unaozigawa kazi zote za dunia katika makundi madogo 436.

Sasa, kipi kinasafiri na kipi hakisafiri? Muuguzi hupima shinikizo la damu, hutoa dawa na huandika kumbukumbu za mgonjwa popote alipo, kwa hiyo maelezo ya majukumu unaweza kuyasoma ya nchi yoyote na ukafaidika. Mshahara, leseni, miaka ya masomo na wingi wa nafasi ni vya nchi ile iliyokusanya taarifa. Msomaji aliye nje ya Marekani akinakili mshahara wa O*NET kwenye mipango yake anajipa mshahara wa mtu mwingine.

*Kinajieleza?* Kinaeleza kazi. Wewe hakikujui, kwa hiyo hakina cha kukueleza juu yako.

*Kinakudai nini.* Pesa hakidai, ila kinataka usomaji wa makini na kalamu. Tazama pia tarehe: ukurasa wa kazi unaoguswa na teknolojia ambao haujarekebishwa miaka mingi unaweza kuwa unaeleza kazi ambayo haipo tena kwa sura hiyo.

*Kinamfaa nani.* Aliye na kazi mbili au tatu kichwani na anataka kuzitazama uso kwa uso. Asiyejua anachotaka, kanzidata itamzamisha.

3. Mfumo kamili wa mwongozo

*Kinakuuliza nini.* Mengi, na kwa mpangilio. Mifumo hii ilizaliwa wakati kompyuta ikijaza chumba. Miaka ya 1960 na 1970 vyuo na taasisi za Marekani zilikuwa zikishindana kuijenga. Uliofahamika sana ni SIGI, ulioandaliwa na Martin Katz katika taasisi ya mitihani ya ETS, na DISCOVER, wa JoAnn Harris-Bowlsbey. Mifumo mingi ya leo, hata ile yenye rangi na video, ina mifupa ile ile: jitambue, tafuta kazi, linganisha, panga hatua.

Naomba tuitazame SIGI kwa karibu, kwa sababu wazo lake moja sijaona linalolizidi. Katz hakuanza na vipendeleo. Alianza na tunu, yaani kile unachotaka kazi ikulipe. Alikuwekea kumi: kipato, heshima, uhuru, kusaidia watu, uhakika wa ajira, mabadiliko, uongozi, muda wa mapumziko, kuingia kazini mapema, na kufanya kazi katika fani unayoipenda. Kila moja uliipa uzito kuanzia 0 hadi 8. Mtu wa kawaida anaanza kwa ukarimu: kipato 8, uhuru 8, uhakika 8, mapumziko 7. Halafu kompyuta inamwambia jumla isizidi 40.

Piga hesabu. Anayetaka vyote kumi kwa 8 anahitaji 80, naye kapewa nusu. Lazima anyang'anye mahali apeleke pengine. Katikati kompyuta inamchokoza kwa kazi za kubuni: hii ina uhakika mkubwa lakini uongozi hakuna, unaichukua? Akiichukua wakati uongozi aliupa 7, anaulizwa kulikoni. Watu hugundua humo kwamba "heshima" waliyoipa 8 ni ya wazazi, na wao wenyewe wangeipa 3.

*Majibu yanatoka wapi.* Kutoka kwako, na kutoka kwenye kanzidata iliyomo ndani, ambamo kila kazi imepewa alama kwa kila tunu. Uzito wako unazidishwa kwa alama ya kazi, kisha inajumlishwa. Tuseme tuangalie tunu mbili tu: uhuru umeupa 8, uhakika 2. Kazi ya kwanza ina uhuru 4 na uhakika 1: unapata 32 na 2, jumla 34. Ya pili ina uhuru 2 na uhakika 4: 16 na 8, jumla 24. Geuza uzito wako, na kazi ya pili inapanda mbele. Umeona kwa macho yako kwamba kilichobadilika ni wewe, kazi ziko vile vile.

*Kinajieleza?* Sana, maana kila jumla unaweza kuifumua. Udhaifu uko kwenye zile alama za kazi: mtu fulani aliketi akaamua kwamba kazi fulani ina "uhuru 4", na uhuru wa mwalimu chini ya mkuu mwema si uhuru wa mwalimu chini ya mkuu mkali.

*Kinakudai nini.* Saa kadhaa, na ni vyema zigawanywe katika siku mbili tatu. Mingi hununuliwa na taasisi, kwa hiyo unaingia kupitia shule, chuo au kituo cha ajira. Mtu binafsi mara nyingine hana mlango. Inafungua akaunti na kuhifadhi majibu yako, nayo ni majibu ya ndani kabisa, hivyo uliza nani anayaona na yatafutwa lini. Na pakua matokeo yako. Mifumo hufa: DISCOVER ilitumiwa kwa miongo kadhaa, leo haipo.

*Kinamfaa nani.* Mwenye muda na machaguo mengi yanayovutana. Lakini kuna jambo la kuongeza hapa, kwa kuwa taasisi nyingi hununua mfumo zikidhani zimeshaajiri mshauri. Mwaka 2003 Susan Whiston na wenzake walilinganisha matokeo ya tafiti nyingi za ushauri wa kazi: waliotumia kompyuta na kupata pia mshauri walifaidika kuliko walioachwa na kompyuta peke yake. Nao James Sampson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida State, waliotumia miaka mingi kuchunguza mifumo hii, hushauri mtu atazamwe kwanza utayari wake kabla ya kukalishwa mbele ya skrini: ana uwezo wa kufikiri tatizo lake kwa sasa? Na mazingira yake, familia, uchumi, ni magumu kiasi gani? Aliye tayari ajihudumie. Wa kati asaidiwe kidogo. Aliyelemewa anahitaji mtu wa kukaa naye, na kumpa neno la siri la kuingilia mfumo ni kumfukuza kwa adabu.

4. Programu ya kuchati ya akili unde

*Kinakuuliza nini.* Lolote unaloamua kusema. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hiki ndicho kifaa ambacho watu hukimbilia kwanza, na sababu inaeleweka. Unaandika kwa lugha yako, kwa maneno yako, na hali yako yote: umri, watoto, deni, ndoto. Hakuna dodoso linalokupa nafasi ya kusema "nilianza udaktari nikaacha mwaka wa tatu baba alipofariki".

*Majibu yanatoka wapi.* Hapa ndipo "kana kwamba" inaporudi. Programu hizi zimejifunza mpangilio wa maneno kutoka kwenye maandishi mengi mno, na hutunga sentensi inayoelekea kufuata. Baadhi zinaweza kupekua mtandao wakati huo huo, na hilo husaidia. Ila zenyewe hazina orodha iliyokaguliwa ya kazi wala vyuo. Zinaweza kukutajia kozi isiyofundishwa popote, kwa jina zuri na muda wa masomo uliopangika.

Fanya jaribio hili mwenyewe, halichukui dakika tano. Fungua mazungumzo mapya uandike: "Nimechoka na uhasibu, nadhani ualimu ndio unaonifaa." Soma jibu. Fungua mengine mapya kabisa: "Nimechoka na uhasibu, lakini nadhani kwenda ualimu litakuwa kosa." Mara nyingi utapongezwa pande zote mbili, kwa busara ile ile na vipengele vilivyonyooka. Mwelekeo wa kukubaliana na mteja ni tabia inayojulikana ya programu hizi. Jaribu pia kuomba kazi kumi zinazokufaa, leo na kesho, bila kubadilisha neno; orodha zinaweza kupishana. Dodoso, ukilijibu vile vile, litakupa namba zile zile.

*Kinajieleza?* Kwa ufasaha mkubwa, na ufasaha ndio unaodanganya. Ukiuliza "kwa nini umenipa ufamasia", itakutungia sababu nzuri. Sababu hiyo imetungwa baada ya kuulizwa. Hakuna hesabu nyuma unayoweza kuifumua kama ile ya 34 na 24.

Basi haina kazi? Inayo, na si ndogo. Ipe ukurasa wa kanzidata ulioandikwa kitaalamu ikufafanulie kwa Kiswahili. Iambie icheze nafasi ya mwajiri na ikuhoji. Iagize ikupinge: "nipe sababu nne nzito za kutochukua kozi hii, usinibembeleze." Iombe ikuandalie maswali kumi ya kumuuliza mtu anayeifanya kazi hiyo. Katika hayo sijaona kifaa cha kompyuta kinachoifikia.

*Kinakudai nini.* Mara nyingi hakuna malipo ya kuanzia, ila unalipa kwa siri zako. Jina, namba za vitambulisho, ugonjwa, ugomvi na bosi uliyenaye sasa: hivyo viache nje.

*Kinamfaa nani.* Mwenye taarifa mkononi anayetaka kufikiri kwa sauti. Asiye na taarifa yoyote ndiye anayeipenda zaidi na ndiye anayehatarika zaidi, kwa sababu hana cha kuikosolea.

Tazama hali yako

*Umemaliza shule na kila kitu ni ukungu.* Anza na dodoso, kisha chukua aina zako mbili za juu uende nazo kwenye kanzidata. Usisome kazi zaidi ya sita. Mchoro ukitoka tambarare, usirudie dodoso. Nenda ukaonje, hata kwa kujitolea wiki mbili mahali, ndipo ulijaze tena.

*Unazo kazi mbili na huamui.* Dodoso litakupotezea muda. Kama una njia ya kuingia mfumo kamili, nenda moja kwa moja sehemu ya tunu. Kama huna, chora mwenyewe kwenye karatasi: tunu kumi, alama 40, kazi mbili. Kalamu inatosha kufanya alichofanya Katz.

*Uko kazini miaka kumi na unataka kuhama.* Kwako kanzidata ndiyo kiongozi, hasa sehemu ya ujuzi: tafuta kazi zinazotumia ujuzi ulionao chini ya jina lingine. Akili unde itakusaidia kuandika upya uzoefu wako kwa lugha ya fani mpya. Mshahara na leseni vihakikishe kwa mamlaka za nchi yako.

*Unamsaidia mwanao au mwanafunzi wako.* Usimjazie. Najua inavutia, hasa anapobonyeza "sipendi" kwenye kile unachokiota wewe. Mwache amalize, halafu muulize ni swali gani lilimfanya asite. Kusita kwake kuna habari kuliko alama.

*Umechagua, lakini nyumbani hawataki.* Hapa vyote vinne ni wasaidizi tu. Mchoro wa dodoso hautamshawishi baba, na ukiuweka mezani kama hukumu ya mahakama utaongeza ugomvi. Tafuta mtu: mshauri, mwalimu, mjomba anayesikilizwa. Peleka kwake hesabu ya tunu, maana hiyo ndiyo inayozungumzika.

*Hulali, huli, kila chaguo linaonekana la kushindwa.* Funga kompyuta kwanza. Uamuzi wa kazi unaweza kungoja miezi miwili. Mwone mtaalamu wa afya au mshauri nasaha.

*Fomu inafungwa baada ya wiki moja.* Siku ya kwanza dodoso, robo saa. Ya pili na ya tatu kanzidata, kazi tatu tu. Ya nne karatasi na alama 40. Ya tano mpigie simu mtu mmoja anayeifanya hiyo kazi, ukiwa na maswali uliyoandaliwa na akili unde. Ya sita jaza fomu uitume. Ya saba iachie mtandao, maana kwa kawaida ndiyo siku unapogoma.